Nina majina 140 kwenye daftari la kliniki: niwafuatilieje kwa miaka mitano?

Swali: Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, na ninasoma shahada ya uzamili. Daftari letu lina wagonjwa 140 wa skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili. Nataka kuwafuatilia miaka mitano, niwapime kwa PANSS (kipimo cha ukali wa dalili) kila baada ya miezi sita, nijue ni asilimia ngapi wanapona na kama dawa zinawasaidia. Msimamizi wangu anasema tatizo kubwa litakuwa fedha. Je, kuna tatizo lingine nisiloliona?

Jibu: Dada yangu, msimamizi wako hajakosea kuhusu fedha. Ila kabla ya fedha kuna hilo daftari lenyewe. Hebu tutazame lilivyojaa.

Tuseme kila mwaka kliniki inapokea watu 10 wapya. Watano wanapata nafuu, wanahudhuria mwaka mmoja, kisha hawaonekani tena. Watano wengine ugonjwa unawakalia, wanakuja kwa miaka 10. Hali ikiendelea hivyo, siku yoyote utakayolifungua daftari utakuta majina 55 yanayohudhuria: 5 ya wale wa mwaka mmoja na 50 ya wale wa miaka 10. Nusu ya walioumwa walipata nafuu, lakini wewe uliyeshika daftari unaona kwamba 9 katika kila 10 hawaponi. Hujakosea kuhesabu. Umehesabu waliobaki.

Patricia Cohen na Jacob Cohen waliandika kuhusu jambo hili Marekani mwaka 1984, wakalipa jina ambalo kwa Kiswahili ningeliita mazigazi ya tabibu. Sisi tunaokaa kliniki tunakutana tena na tena na wale wale waliozidiwa, mpaka tunaamini ndio sura ya ugonjwa. Emil Kraepelin, aliyeuelezea ugonjwa huu Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama njia ambayo kwa wengi huishia kwenye kudhoofika kwa akili, naye alikuwa akiwatazama watu wa hospitali.

Kwa hiyo hao 140 hawawezi kukuambia ni asilimia ngapi wanapona. Wanaweza kukuambia yanayowapata watu ambao hawakupona mapema, na hilo ni swali halali pia. Wabakize kama kundi la pembeni: chunguza sukari, shinikizo la damu, uzito, mzigo wa walezi. Lakini kwa swali lako unahitaji kundi la walioanza pamoja. Weka kipindi, kwa mfano miaka miwili iliyopita na mmoja unaokuja, halafu kila aliyeandikwa kwa mara ya kwanza ndani ya kipindi hicho aingie. Kila aliyeandikwa, hata yule aliyeletwa mara moja amefungwa kamba, akachomwa sindano, akaondoka na pakiti ya haloperidoli asirudi tena. Huyo hasa. Faili lake lipo chini kabisa ya kabati na linaanza na kuishia kwenye ukurasa mmoja.

Usiwachague kwa utambuzi wa skizofrenia pekee. Ingiza kila mwenye saikosisi kwa mara ya kwanza, yaani anayesikia au kuamini yasiyokuwepo, jina la ugonjwa litafuata. Katika kaunti ya Suffolk, jimbo la New York, timu ya Evelyn Bromet ilianza mwaka 1989 kusajili watu waliolazwa kwa saikosisi kwa mara ya kwanza, wakafika 628. Walipowatazama tena baada ya miaka 10, zaidi kidogo ya nusu ya waliofikiwa walikuwa wamebadilishiwa utambuzi angalau mara moja. Tena kuna mtego mwingine: tangu mwaka 1980 mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM, unataka dalili zidumu miezi sita ndipo uite skizofrenia. Ukisubiri miezi sita ndipo usajili, waliotulia ndani ya miezi mitatu umewaacha mlangoni, halafu unaandika kwamba ugonjwa hauponi. Ni mazigazi yale yale, yameingilia mlango mwingine.

Andika tarehe mbili za mwanzo: siku aliyofika hospitali, na wakati ndugu walipoona amebadilika. Kati ya hizo mbili mara nyingi kuna mganga, kuna maombi ya wiki tatu, kuna kuuza ng'ombe. Urefu wa kipindi hicho ni taarifa utakayoihitaji baadaye.

Utaniuliza: na wale ambao hawajawahi kufika hospitali kabisa? Swali zuri, na jibu lake liko Ethiopia. Huko Butajira watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakahoji watu 68,378 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na sambamba wakawauliza watu wanaoijua jamii yao ni nani anayesemekana hana akili sawa. Kwa skizofrenia, hao wenyeji waliibua watu ambao dodoso la nyumba kwa nyumba liliwapita. Walipatikana 359, wengi wao hawajawahi kupata dawa. Wewe huna uwezo wa kuhoji watu 68,000, ila mtendaji wa kijiji, mjumbe, mhudumu wa afya wa jamii na shehe au katekista unao. Chagua kata mbili tu ufanye hivyo, ujue kliniki yako inaona sehemu gani ya picha.

Sasa kupotea kwa watu, ambako hukukuuliza na ndiko ningetumia nusu ya bajeti yote.

Chukua mfano huu. Umeanza na 140. Baada ya miaka mitano unawapata 84. Kati yao 42 wana nafuu, unaandika asilimia 50. Lakini 56 hujui waliko. Kama wote hao wako vizuri, jibu sahihi ni 98 kati ya 140, yaani asilimia 70. Kama wote wako vibaya au wamekufa, ni 42 kati ya 140, yaani 30. Asilimia 50 yako inaelea kati ya 30 na 70, na hakuna programu ya takwimu inayoweza kuipunguza nafasi hiyo bila wewe kukisia kitu. Programu hizo zina njia za kujaza mapengo, tena nzuri, lakini nyingi zinachukulia kwamba aliyepotea anafanana na aliyebaki mwenye vipimo kama vyake. Kwa ugonjwa huu dhana hiyo ni dhaifu, maana ugonjwa wenyewe ndio unaomfanya mtu apotee. Na kupona pia.

Miaka ya nyuma, katika utafiti mmoja niliofanya kazi, tulikuwa na kijana tuliyemwandika "amepotea". Nilimkuta kwa bahati stendi, anauza mitumba, ameoa. Nikamuuliza mbona hukuja. Akanijibu kwamba foleni yetu inakula siku nzima, na siku nzima ni mtaji. Mwaka huo huo tukafika kwa mama wa mwingine, naye pia "amepotea", akatuonyesha kaburi nyuma ya migomba. Katika jedwali letu watu hao wawili walikuwa alama moja.

Vifo hivyo si jambo la pembeni. Butajira walifuatilia watu 919 wenye magonjwa makali ya akili, na baada ya miaka 10, 121 walikuwa wamefariki, maambukizi yakiwa sababu iliyoongoza. Ndiyo maana kila ripoti ianze na mstari mmoja wa hesabu: walioanza, walio hai na wamepimwa, walio hai hawakupimwa, waliofariki na sababu, wasiojulikana. Kifo ni matokeo ya ugonjwa. Ukikihesabu kama kupotea, utafiti wako utaonyesha nafuu inayoongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu tu waliokuwa hoi wametoweka.

Wanaofanikiwa kutopoteza watu si wenye bahati. Courtenay Harding na wenzake walikwenda Vermont, Marekani, kuwatafuta wagonjwa 269 waliokuwa wamekaa miaka mingi katika wodi za nyuma za hospitali ya jimbo kabla ya kuruhusiwa. Ilikuwa imepita wastani wa miaka 32 tangu walipolazwa mara ya kwanza. Walijua hatima ya 262. Waliohoji watu uwanjani hawakuonyeshwa mafaili ya zamani, na waliosoma mafaili hawakujua hali ya sasa, ili mtu asione anachotarajia kuona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalisema kati ya nusu na theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona. Na hao ndio hospitali ilikuwa imewakatia tamaa! Ningeongeza tahadhari moja: anayeonekana baada ya miaka 32 ni aliyeishi miaka 32.

Kwako wewe, mambo yanayosaidia ni madogo madogo. Siku ya kwanza andika majina yote anayoitwa mtu: la ubatizo, la ukoo, la utani mtaani. Andika namba za simu za watu watatu wasioishi nyumba moja, na mmoja awe mwanamke mzee wa ukoo, maana laini za vijana hubadilika kila msimu. Chora ramani kwa mkono: ukishuka kwenye daladala unaelekea wapi, mwembe upande gani. Uliza msimu wa kulima anakwenda wapi. Lipa nauli, na mpime siku ya gulio ambayo angekuja mjini hata hivyo. Piga simu katikati ya miezi sita hata kama huna cha kupima, usalimie tu.

Ila usiende na gari la hospitali. Sisi tulilifanya kosa hilo: gari lilikuwa na maandishi makubwa ya kitengo cha akili ubavuni, tukaliegesha nje ya nyumba ya kupanga. Mwezi uliofuata dada yule alitakiwa ahame. Panda bodaboda, vaa nguo za kawaida, na kwenye fomu ya ridhaa muulize mapema: tukikukosa tumuulize nani, na tujitambulishe kama nani?

Na wale utakaowakosa baada ya yote hayo, usihangaike na wote. Watafiti wa VVU Mbarara, Uganda, na Eldoret, Kenya, walitumia njia ninayoipenda sana. Waliopotea walikuwa wengi, hivyo wakachukua sampuli yao tu, wakawatafuta hao kwa nguvu zote, kisha matokeo yao yakatumika kuwakilisha waliopotea wote. Katika 56 wako, piga kura upate 20, halafu bajeti ya nauli iliyobaki imalizike kwao. Ishirini waliopatikana kwa kura wana thamani kuliko 35 waliopatikana kwa sababu wanaishi karibu na lami.

Vipimo nitavipitia haraka kidogo. PANSS ina vipengele 30, kila kimoja alama 1 hadi 7, kwa hiyo asiye na dalili yoyote anapata 30, si sifuri. Watu wazima na shahada zao wanalisahau hili. Mgonjwa akishuka kutoka 90 hadi 60 hajapungua theluthi. Toa 30 pande zote mbili, ni kutoka 60 hadi 30, amepungua nusu. Kuna kipengele cha kufikiri mambo ya dhahania kinachotumia methali. Usitafsiri methali za Kiingereza, na usitumie "haba na haba hujaza kibaba", kwa kuwa maana yake kila mtu aliikariri darasa la nne. Kwenye mawazo ya kudhuriwa, mtu akisema amelogwa, waulize ndugu: je, na nyinyi mnaamini hivyo, na kwa mtu yule yule? Imani ya ukoo mzima si dalili. Juli McGruder, aliyekaa na familia za wagonjwa Zanzibar, aliona jinsi maelezo ya mashetani yalivyowasaidia ndugu kumbakiza mgonjwa ndani ya familia badala ya kumtenga. Dodoso linalohesabu majini kama wazimu litakuharibia kila kitu.

Halafu wewe mwenyewe utabadilika. Alama 4 ya mwaka wa kwanza haitakuwa alama 4 ya mwaka wa tano, maana jicho huzoea. Rekodini mahojiano machache, kwa ridhaa, muyapime upya kila mwaka ninyi na mtu wa nje asiyejua ni ya lini.

Kuhusu neno "kupona", liamue kabla hujaona data. Kuna kipimo cha kutulia kwa dalili kilichopendekezwa mwaka 2005 na kundi la Nancy Andreasen: vipengele vinane vya msingi visizidi alama 3 kwa miezi sita mfululizo. Hicho hakisemi lolote kuhusu maisha. Erika Jääskeläinen na wenzake, Finland, walipokusanya tafiti 50 mwaka 2013 wakataka dalili ziwe zimetulia na maisha ya kijamii yawe yamerudi, tena hali ya angalau kimoja iwe imedumu miaka miwili, kiwango cha kati kilikuwa asilimia 13.5. Linganisha na Vermont. Wagonjwa walitofautiana, ndiyo, lakini tofauti kubwa iko kwenye maana ya neno. Na upande wa maisha usiulize "ameajiriwa?" mahali ambapo karibu hakuna aliyeajiriwa. Uliza amelima kiasi gani ukilinganisha na ndugu yake wa umri huo huo, nani anashika hela yake, na msiba ukitokea anapewa kazi gani.

Kila miezi sita inatosha kupima, haitoshi kujua. Mtu anaweza kuzidiwa mwezi wa pili, akatulia wa tano, ukamkuta wa sita anatabasamu. Shirika la Afya Duniani, katika tafiti zake za nchi nyingi zilizoanza miaka ya 1960 na kurudi kuwatazama watu baada ya miaka 15 na 25, lilitumia chati ya maisha: mstari wa miaka, juu yake unaweka vipindi vya kuugua, dawa, makazi na kazi. Jaza mwezi kwa mwezi ukiwa na mgonjwa na mlezi pamoja, kisha kila mmoja peke yake. Usiulize "mwezi wa nne ilikuwaje". Uliza: wakati wa kuvuna mahindi alikuwa nyumbani? Mfungo alifunga? Uchaguzi alikwenda kupiga kura?

Tafiti hizo ndizo zilizoeneza kauli kwamba skizofrenia ina mwisho mwema zaidi katika nchi maskini. Utaikuta kila mahali. Mwaka 2008 Alex Cohen, Vikram Patel, R. Thara na Oye Gureje walipitia tafiti 23 za ufuatiliaji kutoka nchi 11 za kipato cha chini na cha kati, wakakuta matokeo yanatofautiana mno kiasi kwamba kauli hiyo haiwezi kuchukuliwa kama jambo lililokwisha. Usianzie kwenye dhana hiyo wala kinyume chake.

Dawa sasa. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Kufuatilia tu hakutakuambia kama dawa zinasaidia. Martin Harrow na wenzake Chicago waliwafuata wagonjwa miaka 20, wakakuta wengi wa walioacha dawa walikuwa na hali nzuri kuliko walioendelea. Watu walirukia hitimisho. Lakini nani anaacha dawa? Mara nyingi ni aliyekwisha kupata nafuu. Na anayeongezewa ni aliyezidiwa. Hali inachagua dawa kabla dawa haijagusa hali. Wafini, wenye kumbukumbu za kitaifa za kila dawa inayotolewa, hulipunguza tatizo hili kwa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: miezi yake ya kutumia dawa dhidi ya miezi yake ya kutotumia. Njia hiyo inaweza kufanyika hata kwa chati yako ya maisha.

Na una kitu ambacho Wafini hawana kwa wingi: dawa kuisha stoo. Mgonjwa anapoacha kwa kujisikia mzima, hiyo ni hali yake. Lakini sindano ya mwezi inapokosekana wilayani, inakosekana kwa mzima na kwa mgonjwa pamoja, bila kumchagua mtu. Kwa hiyo kila pengo la dawa liandikie sababu: stoo haina, nauli, kutetemeka na kukakamaa kunakoletwa na dawa, amepata nafuu, ameambiwa kanisani aache. Kisha nakili leja ya famasia mwezi kwa mwezi, usitegemee kumbukumbu ya mtu. Kama ningekuwa msimamizi wako, hiyo ingekuwa sura yako ya tatu, na ningeisoma kwa hamu kuliko zote.

Ridhaa si saini ya siku moja. Uwezo wa kuamua hupanda na kushuka, kwa hiyo omba upya kila ziara, kwa maneno mafupi. Mradi wa utafiti wa NeuroGAP-Psychosis, uliofanya kazi Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ulimuuliza mshiriki maswali baada ya maelezo ili kuona kama ameelewa kabla ya kumsajili. Asiyeelewa anaelezwa tena. Mwombe akiwa ametulia akuambie la kufanya siku akiwa hajatulia: tuendelee kukutembelea au tusubiri? Kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, itataka pia kujua utafanya nini ukimkuta mtu amefungwa mnyororo au anayepanga kujiua. Uwe na jibu lenye namba ya simu ya mtu atakayepokea.

Kwa hiyo wiki hii usiandike dodoso. Nenda kwenye vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) vya miaka miwili iliyopita, tafuta kila aliyeandikwa na saikosisi kwa mara ya kwanza, na uhesabu wangapi walikuja mara moja tu. Niandikie namba hizo mbili. Tukizipata ndipo tutajua unahitaji watu wangapi, na nauli ya kata ngapi.